Siku Niliyopeleka Mashine Bungoma

Mimi hushona maturubai. Nina chumba kimoja mjini Kitale, nyuma ya maduka ya mbegu na mbolea, na ndani yake mna meza ndefu, kiti kimoja, jiko dogo la gesi na mashine kubwa ya kushonea vitu vizito. Si cherehani ya nguo. Sindano yake inakaribia unene wa njiti ya kiberiti, na kichwa chake peke yake kinahitaji watu wawili kukibeba. Inashona turubai la kuanikia mahindi, kifuniko cha pikapu, hema la matanga, hata kiti cha basi. Kwa miaka kumi na sita mshonaji nilikuwa mimi, lakini fundi wa mashine yenyewe alikuwa mke wangu.

Watu hawakuamini. Mteja aliingia, akamkuta mwanamke ameilaza mashine ubavu, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko, kisha akanigeukia mimi kuniuliza imeharibika wapi. Mimi nilimwelekeza kwa mwenyewe. Kazi hiyo alijifunza Bungoma kabla hatujaoana, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na karakana karibu na msikiti. Alifika pale kama msichana wa kufagia na kuchemsha chai. Alipoondoka, aliweza kufungua mashine yoyote na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Mzee huyo hakuwa ndugu yake, lakini siku ya harusi yetu aliketi upande wa wazazi wake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, baada ya kuugua wiki mbili tu. Tulimzika kwenye kishamba chetu huko Saboti. Watoto wetu ni wawili, mmoja yuko Nairobi na mwingine ameolewa Malaba, nao hunipigia simu Jumapili. Siku nyingine zote nafungua duka, nashona, nafunga. Kuna siku nilifika jioni nikagundua kwamba sauti yangu imekauka, maana tangu asubuhi nilikuwa sijatamka neno isipokuwa kumwambia mtu mmoja arudi Alhamisi. Nilikuwa nawasha redio nikiingia na kuizima nikitoka, na ungeniuliza walichosema nisingeweza kukujibu.

Mashine iliharibika wakati wa mavuno. Mvua ilikuwa imekataa kuisha, na wakulima kutoka Endebess na Moi's Bridge wote walitaka maturubai, tena kwa haraka, kabla mahindi hayajaota yakiwa kwenye magunia. Nilikuwa nashona kona ya turubai, mahali ambapo mikunjo minne hukutana na mkanda wa nailoni, nami nikalazimisha. Sindano ikapinda, ikagonga chuma chini, ikatoa mlio mbaya, na mashine ikasimama.

Niliweka sindano mpya. Gurudumu lilizunguka vizuri, mguu ulipanda na kushuka, lakini hakuna mshono uliotoka. Sindano iliteremka na uzi wake, ikapanda nao vilevile, ikaacha mstari wa matundu matupu. Chini ya sindano kuna ndoano ya chuma inayozunguka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kazi yake ni kuudaka uzi wa juu wakati sindano inapoanza kupanda, na kuufunga na uzi wa chini. Ikiwahi, inakuta uzi haujalegea. Ikichelewa, uzi umeshapita. Mafundi huita jambo hilo taimingi. Nilikuwa nimemsikia mke wangu akilitaja neno hilo karibu kila wiki, nami sikuwahi kuinama nikaangalia anachokifanya. Sikuona haja. Yeye alikuwepo.

Niliita mafundi wawili wa hapa mjini. Wa kwanza aliitazama kutoka mlangoni akasema yeye ni wa mashine za nguo. Wa pili aliifungua, akaifunga, akanishauri ninunue nyingine. Ndipo nilipolitoa sanduku la vyombo vya mke wangu chini ya meza. Ndani ya kifuniko alikuwa ameandika namba ya simu kwa kalamu ya kuwekea alama turubai, na mbele yake maneno mawili: Mzee Bungoma.

Mzee aliipokea simu haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi. Nilijitambulisha kuwa mume wa mwanafunzi wake. Alicheka kwa furaha, akasema ameniweka akilini miaka hii yote, kisha akauliza, "Na mtoto wangu hajambo?"

Nikasema, "Hajambo."

Sijui nilieleze vipi. Wakati wa mazishi sikuwa na namba yake. Nilijiambia nitamtumia mtu wa kupita Bungoma ampe habari. Wiki zikapita, mwaka ukapita, na baada ya mwaka mmoja lile jambo lilikuwa limegeuka aibu. Sasa mzee mwenyewe alikuwa ananiuliza, na neno lililotoka lilikuwa lile ambalo mtu hujibu kila siku bila kufikiri. Nilimweleza ugonjwa wa mashine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili au matatu, kisha akasema niilete. "Lakini uje naye," akaongeza. Nikamjibu kwamba nitaona.

Jirani yangu huchukua viazi Saboti na kuvipeleka soko la Bungoma kwa pikapu. Siku ya tatu nilifungua bolti za mashine, tukakifunga kichwa chake kwa blanketi, tukakiweka katikati ya magunia. Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia mzee ukweli. Nilipanga kuanza na hospitali. Tulipopita Webuye nikabadilisha, nikaona heri nianze na mazishi. Tulipofika Bungoma nilikuwa sina hata sentensi moja.

Karakana ilikuwa chumba chembamba chenye mlango wa mbao wazi nusu. Mashine nne zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa magunia, na magunia yenyewe yana vumbi. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa kanzu na koti kuukuu juu yake, kofia imekaa sawa kichwani. Niliposema hodi alisimama mara moja akanyoosha mkono, kidogo pembeni ya mahali niliposimama. Nilisogea nikaushika. Jambo la kwanza alilouliza ni mtoto wake yuko wapi. Nikamwambia amebaki na wateja.

Uso wake ulibadilika. Alituonyesha benchi tuiweke mashine, jirani yangu akaenda zake sokoni. Mzee akaanza kuipapasa kuanzia gurudumu, akapita mgongoni, akashuka mpaka kwenye mguu, vidole vikienda upesi. Nilidhani ndio ufundi wenyewe. Alifungua kibamba cha chini kwa dakika moja. Kisha akatafuta bisibisi. Kiganja chake kilifagia benchi kushoto na kulia, na bisibisi ilikuwa mbele yake. Ilipogusa kidole aliichukua kama hakuna kilichotokea.

Ndoano hushikwa na skrubu tatu ndogo. Alijaribu kuingiza bisibisi kwenye ya kwanza ikateleza. Akajaribu tena. Mara ya tatu nikaona kichwa cha skrubu kimeanza kulika. Nikamuuliza kama nimuwashie taa. Akasema taa imewaka. Haikuwa imewaka.

Mama aliyeuza chai mlango wa pili aliingia na vikombe viwili. Alipotoka alinipa ishara nimfuate. Kule nje akaninong'oneza.

"Kwani hakukwambia? Huyu mzee haoni, bana. Ni plesha ya macho, mwaka wa pili sasa. Watu wanaleta mashine, anawaambia waache, halafu zinakaa tu hapo mpaka wanakuja kuchukua. Ataharibu kitu yako bule."

Nilishikwa na hasira. Nilikuwa nimeacha watu Kitale wanaongoja, mahindi yao yako kwenye tope, na nimesafirisha chuma chote kile kumletea mtu asiyeona skrubu. Nilirudi ndani nikaanza kulikunjua blanketi ili niifunge tena. Mzee alisikia.

"Amekwambia," akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo.

"Ndiyo maana nilitaka uje naye." Hakupandisha sauti. "Mikono yake mimi naijua. Nikisema, na yeye akishika, ni kama naona mwenyewe. Mpigie simu. Akipanda gari sasa hivi, saa tisa atakuwa hapa."

Akatoa simu yake mfukoni mwa koti na kuninyooshea. Niliipokea. Ilikuwa simu ndogo ya vibonye, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Niliishika nikaiangalia, naye akangoja. Kule nje mtu alikuwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Yale yote niliyoyapanga njiani hayakunisaidia.

"Mzee, hayuko," nikasema. "Alifariki. Huu ni mwaka wa tatu."

Aliketi polepole, mkono ukitangulia kutafuta benchi. Akasema maneno ya dua kwa sauti ya chini. Halafu akaniuliza, jambo moja baada ya jingine, alikuwa anaumwa nini, alilazwa wapi, nani walimwosha, amezikwa upande gani. Nilimjibu yote.

"Na juzi uliniambia hajambo."

"Nilikuambia."

"Leo asubuhi nimekwenda nikanyolewa ndevu," akasema. "Nikasema, asinikute nimechakaa."

Chai ilipoa mbele yetu. Adhana ya adhuhuri ilipoanza alisimama, akashika ukuta, akatoka akifuata ukuta huo kuelekea msikitini bila kuniaga. Nilibaki na mashine iliyofunguliwa na zile nne zilizofunikwa magunia. Niliwaza kuondoka, lakini sikuweza kuibeba peke yangu, na jirani asingerudi mpaka amalize viazi. Nilifikiri akirudi ataniambia nitoke, na nilikuwa tayari kutoka.

Aliporudi alivua koti akalitundika. Akaja mpaka kwenye benchi, akanishika bega, akanisukuma chini nikaketi.

"Basi lete mikono yako," akasema.

Kwanza alipitisha ukucha wake kwenye ncha ya ndoano. Akaniambia nipitishe wangu pia. Nilisikia kitu kama jino dogo, mahali sindano ilipogonga. Akanipa kipande cha msasa laini, nikasugua, yeye akapima kwa ukucha, akasema bado. Nikasugua tena, na tena, mpaka ukucha wake ukapita bila kushikwa. Zile skrubu mbili zilifunguka. Ile aliyoiharibu yeye iligoma. Akaniambia niweke bisibisi ndani yake na kuigonga kitako mara moja tu kwa nyundo ndogo, halafu nizungushe kabla haijabadilisha nia. Ikakubali.

Kisha tukafika kwenye taimingi yenyewe. Niliweka sindano mpya, nikaisukuma juu mpaka mwisho. Aliniambia nizungushe gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka sindano ifike chini kabisa, halafu niiache ipande kidogo tu, unene wa sarafu. Pale pale nisimamishe. Mahali hapo, ncha ya ndoano inatakiwa iwe imefika nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu la uzi, ikiwa karibu sana lakini bila kuigusa.

"Unaona nini?" akauliza.

Nikamwambia ncha iko karibu na sindano.

"Karibu si kipimo. Yeye hakuwa ananiambia karibu. Iko upande gani? Imepita au haijafika? Juu ya tundu kiasi gani?"

Ilinibidi niinamishe kichwa mpaka shavu likagusa chuma. Nilimwambia haijafika, imebakiza unene wa ukucha. Akaniambia niizungushe ndoano peke yake bila kugusa gurudumu. Niliisukuma kwa nguvu ikapita. Nikamwambia imepita. Alinikaripia kidogo, akasema mimi ni mshonaji, nina haraka ya mshonaji. Aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa mkono wangu, nacho kilikuwa kikavu na chepesi, na kila nilipozungusha gurudumu alisikia kwa kiganja hicho nimefika wapi. Mara ya nne nilikaza skrubu, tukaweka uzi, nikazungusha kwa mkono juu ya kipande cha turubai. Mshono wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, wa tatu ukaruka. "Umechelewa kidogo," akasema, kabla sijamwambia. Alikuwa ameusikia.

Tulilegeza tena. Nilieleza tena. Nadhani katika miaka mitatu sikuwa nimemwambia mtu yeyote maneno mengi kama niliyomwambia mzee yule kuhusu ncha ya chuma iliyo ndogo kuliko punje ya mtama. Alinifanya nikate ukanda wa karatasi ya daftari na kuupitisha kati ya sindano na ndoano. Ulipita kwa shida. Akasema iache hapo, kaza, anza na skrubu iliyo mbele yako. Safari hii nilishona inchi sita kwa kuzungusha gurudumu, mikunjo minne ya turubai, na hakuna mshono ulioruka. Nilimpa kipande akikague. Alipitisha kidole gumba juu, akakigeuza, akapitisha chini.

"Imeshika," akasema.

Hatukushangilia. Alikaa na kile kipande mkononi, akauliza kama mke wangu alikuwa peke yake wakati roho inatoka. Nilimwambia nilikuwa nimetoka kumtafutia maji ya moto. Alikuwa ameniambia ana kiu ya maji ya moto, chupa ya wodini ilikuwa tupu, nikashuka ngazi mpaka jikoni, nikakuta foleni, nikangoja. Niliporudi muuguzi alikuwa ameshavuta pazia. Jambo hilo sikuwahi kulisema, si kwa watoto, si kwa mchungaji. Mzee alitikisa kichwa mara moja. Hakuniambia si kosa langu wala hakuniambia ni kosa langu. Alichukua kikombe chake akainywa ile chai ikiwa baridi.

Jirani yangu alipokuja tukaifunga mashine, tukaipakia. Niliingia kumshukuru mzee, nikampa mkono. Aliushika.

"Siku nyingine usiniambie hajambo," akasema, akauachia.

Niliirudisha mashine mezani asubuhi iliyofuata, nikaunganisha mkanda wa mota, ikashona. Nilifanya kazi siku tisa mfululizo, na wale wa Endebess na Moi's Bridge wakaja wakachukua vitu vyao. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa imeharibika kwa namna ile, wala aliyetengeneza ni nani. Jioni ya kwanza niligeuza kichwa kuelekea kona aliyokuwa akikaa mke wangu, nimefungua mdomo, na kwenye kona palikuwa na marobota ya turubai. Nikafunga mdomo. Nilimfikiria mzee mara nyingi, lakini sikumpigia, maana sikujua kama ananitaka.

Mwezi wa pili, mashamba yakiwa makavu na watu wanalima kungojea mvua, alinipigia yeye. Alisema anataka kufika mahali alipozikwa mtoto wake. Alikuja na yule mama wa chai, amemshika mkono, nami nikawapokea Kitale, tukaenda Saboti kwa gari walilokodi.

Shamba lilikuwa mabua matupu. Nilimwongoza mpaka kwenye kaburi, akainama, akapapasa saruji kuanzia miguuni mpaka kichwani, taratibu, tofauti na alivyoipapasa mashine. Aliposikia vidole vimefika kwenye maandishi akaniomba nimsomee. Nikamsomea tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki. Akaniomba nirudie ya kuzaliwa. Nikarudia. Akahesabu kimya kimya kwa vidole, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Alinidanganya," akasema. "Alipokuja kwangu alisema ana miaka kumi na minane. Nilisema sichukui mtoto. Kumbe alikuwa na kumi na sita."

Sikuwa nimejua hilo. Nilikuwa nimefikiri kwamba mambo yote ya mke wangu yaliyobaki duniani ninayo mimi. Nikamuuliza alikuwaje siku hiyo alipofika. Mzee akakaa kwenye ukingo wa saruji, akaniambia alikuja na viatu vya kaka yake, vikubwa, amejaza karatasi mbele. Kwamba wiki ya kwanza alivunja sindano saba na kuzificha ndani ya kopo la majani ya chai. Kwamba alikuwa akiimba akifagia na kunyamaza akishika spana. Mama wa chai alisimama pembeni akisikiliza, akisema "haki" kila mara. Mzee alinisimulia mpaka dereva aliyekuwa anawangojea akapiga honi mara mbili kutoka barabarani, maana kulikuwa na wingu juu ya Mlima Elgon na alitaka kuvuka sehemu ya udongo kabla haijalowa.

Niliwasindikiza mpaka kwenye gari. Nilimuuliza mzee wimbo wenyewe ulikuwa gani, ule aliokuwa akiimba akifagia. Alifikiri, mkono wake ukiwa kwenye mlango wa gari, akasema akiukumbuka ataniambia. Dereva akaondoa gari. Nilisimama pale barabarani mpaka vumbi likatua, na maswali yakaendelea kunijia moja baada ya jingine, alikuwa analala wapi, alikuwa anakula nini, nani alimnunulia viatu vyake mwenyewe.